Upepo wa Joto Nyuma ya Chumba cha Chanjo

Siku ile ya chai ya kuniaga, vijana wa karakana waliniomba niseme neno. Nikasimama, nikasema asanteni, nikakaa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mahamri yalikuwa yanapoa, na mimi sipendi kuchanganya mambo. Sasa niko nyumbani Wundanyi, ambako baridi ni ya bure na fundi wa AC hana anayemhitaji, kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo. Ya vyeo sitayagusa, waulizeni waliovipata. Nitawaeleza nilivyoanza, kisha nitawaeleza habari ya mtambo wa Garsen, kwa sababu kila mmoja wenu amewahi kunisikia nikinung'unika juu ya paa, "Hii nayo ni Garsen nyingine," na hakuna hata mmoja aliyeniuliza maana yake.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Shee, mtu wa Kipini, aliyekuwa Mombasa miaka mingi bila kuipenda. Asubuhi yangu ya kwanza kazini alinipeleka nyuma ya hoteli moja, akanisimamisha mbele ya feni ya mtambo wa nje, akaniambia ninyooshe mkono. Kisha akaenda zake. Nilisimama pale mpaka wapishi wakaanza kunionea huruma. Aliporudi aliniuliza, "Umesikia nini?"

"Joto, Mzee."

"Basi nusu ya kazi washaijua," akasema. "Watu wa ndani waona baridi, wadhani joto limekufa. Joto halifi. Limetolewa nje na hiki kidude. Wewe kazi yako ni moja, lipe njia."

Nusu ya pili ya kazi sikumbuki kama aliwahi kunifundisha. Nadhani alikuwa akiingoja mwenyewe.

Kwake nilijifunza kugusa bomba kwa kiganja kabla ya kufunga geji, kunyoosha mapezi ya koili kwa kitana badala ya bisibisi, na kutomwamini mteja anayesema "imezima yenyewe". Hiki cha mwisho ndicho kilichonitesa Garsen. Kule mtambo ulizima wenyewe kweli, na kila niliyemuuliza aliniambia kweli tupu, na bado sikuelewa kitu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, muda mfupi kabla ya mvua kubwa, shirika moja la misaada lilijenga Garsen chumba baridi cha kuwekea chanjo za ng'ombe. Kilikuwa chumba kidogo, kuta nene, bila dirisha, na umeme wake ukitoka kwenye jenereta. Mtambo wa nje niliufunga mimi mwenyewe nyuma ya jengo, juu ya jukwaa la saruji, na kipaa cha mabati cha kuukinga na jua. Mbele ya feni palikuwa wazi mpaka kwenye ua wa miti. Mzee Shee angekuja angeona hewa imepewa njia hadi Witu.

Mlinzi wa pale alikuwa Mzee Barisa, Mworma mrefu mwenye kikoi na fimbo, ambaye ng'ombe wake walikuwa malishoni na wanawe. Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha kazi, bila mapambo. Nilimwonyesha kitufe chekundu nikamweleza kwamba presha ya gesi ikipanda kupita kiasi, mtambo hujizima ili usife. Asubiri upoe, abonyeze, utaamka.

"Kama ngamia," akasema. "Nakataa kwanza, halafu natembea."

Nikaona nimeeleweka. Nikarudi Mombasa na moyo mweupe.

Kisha mvua ikanyesha kama iliyokuwa na deni na sisi. Mto Tana ukafurika, barabara ya Malindi ikakatika, na mahali palipokuwa mashamba pakawa ziwa. Wapokomo wa Hewani, wa Chara na wa vijiji vingine vya kando ya mto wakahamia Garsen na walichoweza kubeba kichwani. Kiwanja cha chumba chetu kilikuwa kwenye mwinuko, kwa hiyo familia nyingi zilipiga maturubai kukizunguka. Waorma nao walisukuma mifugo hadi kwenye visiwa vya nchi kavu, ng'ombe wakabanana kwenye tope, wakaanza kuugua. Chanjo iliyokuwa mle ndani ikawa ndiyo tegemeo lao, na hakukuwa na njia ya haraka ya kuleta nyingine.

Hapo ndipo mtambo ulipoanza kuzima.

Taarifa ilikuja kwa redio ya upepo kutoka kwa Daktari Nzaro, daktari wa mifugo aliyesimamia chumba. Mtambo unazima kila siku, mara nyingi mchana. Mlinzi anabonyeza, unawaka, unazima tena. Alikuwa akiiokoa chanjo kwa kuihamishia kwenye makasha ya barafu, na barafu ilikuwa inamwishia. Nikapanda lori hadi maji yalipoanza, nikapanda mtumbwi, nikafika nimelowa hadi kwenye vitambulisho.

Nikaukuta mtambo unanguruma vizuri. Geji zilisoma kama kitabu cha mafunzo. Nilikaa nao siku nzima na siku ya pili, na haukukohoa. Mbele ya feni palikuwa pamefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana kwenye udongo. Sijawahi kuona mtambo uliotunzwa vile, hata kwenye hoteli za wazungu. Nilimsifu Mzee Barisa, naye akainamisha kichwa kidogo.

"Sasa unazima saa ngapi?" nikamuuliza.

"Wewe nakuja, yeye napona," akasema. "Wewe naondoka, yeye nagonjwa."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akadakia mama mmoja wa Kipokomo aliyekuwa akipita na ndoo, na watu wakacheka. Nami nikacheka, kwani sikujua bado kwamba ningesikia methali ile mpaka nitamani kuziba masikio. Mama yule aliitwa Mama Komora, wa Hewani, na turubai lake ndilo lililokuwa karibu zaidi na jengo.

Nikasafisha koili ambayo haikuwa chafu. Ndani ya mapezi nikapata kumvi chache za mpunga, nikazitoa kwa kitana nikiulaumu upepo, maana watu wanaotwanga hawako mbali. Nikaondoka. Sijavua viatu vizuri Mombasa, redio ikaita.

Mara ya pili nilibadilisha swichi ya presha. Nilikuwa nimeamua kwamba ndiyo mwongo, inaona presha isiyokuwapo. Tena nikakuta mtambo mzima, pamefagiliwa, watu wametulia, wananiangalia kwa heshima na kwa kitu kingine ambacho sikukitambua. Leo nakijua, yalikuwa ni matumaini. Niliuliza kila mtu. "Kuna aliyeugusa mtambo?" Hapana. "Kuna mtoto aliyetia kitu kwenye feni?" Hapana. "Kuna aliyefungua kifuniko?" Wakatazamana kama niliyewauliza kama kuna aliyekula mawe. Nilimshuku mwendesha jenereta nikapima umeme wake mbele yake, tukanuniana. Nilishuku gesi, nikaipunguza, nikairudisha. Nilishuku jua, wakati jua lenyewe lilikuwa halijaonekana siku nyingi na nguo za watu wote zilinuka ukungu.

Usiombe kazi ikukanganye namna hiyo. Nilianza kuongea na mtambo. Nilijificha nyuma ya pipa la dizeli niuvizie, mtu mzima na familia yake, huku Mzee Barisa amesimama kando yangu akiniuliza kwa upole kama natafuta choo. Nilifika mahali pa kujiuliza kama kuna jini, na mimi ni mtu wa kanisa. Niliporudi Mombasa, Mzee Shee, aliyekuwa ameshastaafu, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Joto halina njia."

"Lina njia, Mzee. Mbele ni wazi hadi Witu."

"Basi hujafika Garsen," akasema, akaendelea na kahawa yake. Nilikasirika. Nilikuwa nimefika Garsen hadi nimeota kuvu.

Redio ilipoita tena, meneja wetu aliniita kabla sijabeba mkoba. Hoteli moja ya Malindi ilikuwa imeagiza mtambo wa aina ileile, naye alikuwa amechoka kusikia jina la Garsen. "Nenda mara ya mwisho," akaniambia. "Mtambo ukizima tena baada ya wewe kuondoka, rudi uung'oe, uulete hapa." Nilijua maana yake. Makasha ya barafu yasingefika hata wiki. Nikiung'oa mtambo, ninaing'oa na chanjo, na ng'ombe wa Mzee Barisa watabaki na tope lao.

Mara hiyo ya tatu nilifanya kila nilichojua, na nilipokimaliza nikafanya nisichojua. Mtambo ukanguruma kama bibi harusi anayejua anaangaliwa. Asubuhi niliaga. Sikuwa nimetengeneza kitu, kwa sababu sikupata kilichoharibika, na nilitembea hadi kwenye mtumbwi nikiona aibu kama mwizi. Mwenye mtumbwi alisimama ukingoni akaangalia maji, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa.

"Leo hatuvuki. Viboko wamehamia njiani."

Nikageuka, nikarudi na mkoba wangu begani, nikapita nyuma ya jengo ili niufikie mtambo kwanza. Hapo nikasimama.

Mtambo haukuonekana. Mbele yake palikuwa na nyumba. Fito zimechomekwa, mikeka imetundikwa pande zote hadi juu, mingine imelazwa ikifuatana kama kurasa, na yote imejaa mpunga. Kati ya mikeka na feni hapakubaki nafasi ya kupitisha mkono. Ndani ya kibanda hicho wanawake walikuwa wamechuchumaa wakigeuza nafaka, majasho yakiwatiririka, mmoja ametundika na kanzu ya mtoto. Mzee Barisa alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake akilinda mpunga usiliwe na mbuzi. Mtambo ulikuwa ukilia ile sauti ya kukabwa. Kabla sijatua mkoba, ukazima.

"Aah!" wakasema wanawake, wote kwa pamoja, kama watu waliozimiwa redio katikati ya taarifa. Mama Komora akatoa kichwa nje, akaniona, na uso wake ukang'aa.

"Afadhali umerudi, mwanangu. Waona mwenyewe? Upepo wako mfupi! Kila siku wakatika hivi hivi."

 Nilikaa chini juu ya mkoba wangu.

Ikanichukua muda kuielewa hadithi yao, nao yangu. Mpunga ule ulikuwa wa mbegu. Kila mama alikuwa ameuokoa darini maji yakiingia mlangoni, na ulikuwa umelowa. Maji yakishuka, udongo wa kando ya mto huwa tayari, na asiye na mbegu siku hiyo hana mwaka. Jua halikuwapo, moto wa kuni mbichi ungeziunguza au kuzivukiza moshi, na mbegu zilikuwa zimeanza kunuka. Ndipo Mama Komora, akipita na ndoo, akasikia kwenye miguu yake upepo wa joto, mkavu, unaotoka ukutani. Upepo mkavu pekee Garsen nzima. Akamwomba Mzee Barisa ruhusa, naye akaruhusu, Mworma kumruhusu Mpokomo, watu ambao miaka mingine hugombania njia ya kufika mtoni. "Ngombe nakufa, najua," aliniambia. "Mbegu nakufa, ni kitu moja tu."

"Na kwa nini nikija mnaondoa?"

Mama Komora alinishangaa kwa dhati. "Mgeni aja, fundi, katoka Mombasa, kalowa, nawe umwachie mikeka njiani? Twakusanya, twafagia, upate nafasi ya kuutengeneza upepo. Twasema, leo atauweza."

Jamani! Walidhani nakuja kutengeneza upepo. Mimi nilidhani nakuja kutengeneza baridi. Nilikuwa nimewauliza kama kuna aliyegusa mtambo, na kweli hakuna aliyeugusa. Wao walikuwa wakiningoja niseme upepo una nini, nami nilikuwa nikiusifu ufagio. Sisi sote tulikuwa waungwana kupita kiasi, na adabu zetu zilikuwa zinaiua chanjo.

Daktari Nzaro, ambaye siku nyingine zote alikuwa akishinda visiwani kwenye ng'ombe, alikuja mbio akaiona mikeka, na sitayaandika yote aliyosema. Alitaka kila kitu kiondolewe, maturubai yasogezwe, na mlinzi afukuzwe. Nilimweleza Mzee Barisa polepole, kwamba joto lile linalokausha mpunga ni joto lililotolewa kwenye chanjo, na kwamba likizibwa linarudi, mtambo unajizima, chanjo inaharibika. Alisikiliza. Nilimwona alipofika mwisho wa maneno hayo, kwa sababu fimbo ilimshuka mkononi.

"Chanjo ya ngombe yangu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi mwenyewe nafunga pua yake."

Wanawake wakaanza kuikunja mikeka bila kuambiwa. Hakuna aliyebishana, na hilo ndilo lililonichoma. Mama Komora alichota mbegu kiganjani akazinusa, kisha akazirudisha. "Bado kidogo tu zingekauka," akasema, si kwangu, kwa zile mbegu.

Nilikuwa na kibali cha kila kanuni ya kuwafukuza. Mbele ya feni pawe wazi, ndivyo ilivyoandikwa, ndivyo nilivyofundishwa. Lakini nilikumbuka mkono wangu mbele ya feni nyuma ya hoteli, asubuhi yangu ya kwanza, na Mzee Shee hakuwahi kusema joto liende wapi. Alisema lipewe njia. Nikamwomba Daktari Nzaro anipe mpaka jioni, nikamwambia Mama Komora asubiri na mikeka.

Mikeka ya ukili haipitishi hewa, kwa hiyo tuliiweka kando. Bohari lilikuwa na wavu wa kuku uliobaki kwenye ujenzi. Wanaume wakakata fito, tukafunga uchanja mrefu wa ngazi ngazi wenye wavu, juu yake tukatandika vyandarua vikuukuu, na mpunga ukamwagwa mwembamba, upepo upite kati. Halafu nikafunga geji, nikamkalisha Mama Komora mbele yake, nikamwonyesha mstari ambao mshale ukiupita mtambo utazima. Tukausogeza uchanja mbele ya feni.

"Wapanda!" akapiga kelele. "Rudisheni nyuma!"

Wakarudisha. "Bado wapanda! Wee Barisa, huna nguvu? Rudisha!"

Mzee Barisa, mfugaji aliyekuwa hajawahi kushika mpunga maishani mwake, alikuwa amebeba upande mzima wa uchanja peke yake, akarudi nyuma hatua kwa hatua akiuma meno. Daktari Nzaro alisimama amekunja mikono. Kisha akaikunjua, akashika upande wa pili.

"Hapo!" akasema Mama Komora. "Umetulia. Hapo hapo, msiguse."

Tukachomeka nguzo. Niliweka mkono wangu nyuma ya uchanja, upepo ukaja mpaka huko, mkavu na wa joto, si mkali kama mwanzo lakini haukatiki. Tulikaa tukiutazama mshale mpaka watu wakachoka kuutazama wakaenda kupika. Mtambo haukuzima. Haukuzima siku ya pili wala ya tatu, viboko wakaondoka, nami nikavuka. Redio haikuniita tena. Meneja akaniuliza kilichokuwa kimeharibika ni nini, nikamwambia hewa, akaridhika, kwani ni neno la kiufundi.

Nilimpelekea Mzee Shee habari. Alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Hiyo ndiyo nusu ya pili," akasema, lakini nadhani aliitunga palepale.

Maji yaliposhuka, ng'ombe walichanjwa, si wote waliopona, lakini wengi. Wapokomo wakarudi mashambani. Nilirejea Garsen msimu uliofuata kwa huduma ya kawaida, kwa gari safari hii, nikiwa mkavu. Njiani nilikuwa najua nitakachokikuta, udongo uliofagiliwa, watu wamesimama, na Mzee Barisa amenyoosha kikoi chake. Nilishajiandaa kuwaambia wasijisumbue.

Hakuna aliyesimama. Uchanja ulikuwa palepale nilipouacha, umeongezwa mwingine pembeni, umejaa mpunga mpya uliobebwa kutoka mashambani. Kuku walikuwa wakidonoa chini. Mzee Barisa aliniinulia kidole kutoka kwenye kiti chake, akaendelea kuzungumza na mtu. Palikuwa pachafu, kumvi kila mahali, ufagio hauonekani. Nilisimama mbele ya feni na mkoba wangu nikitafuta wa kusalimiana naye.

"Wee fundi," akasema Mama Komora kutoka nyuma ya uchanja, bila kuinua macho kwenye mpunga wake. "Sogea. Waziba upepo."